Tefu na Madini ya Chuma: Safari ya Punje Ndogo kutoka Shambani hadi Damuni

Miongoni mwa nafaka zinazolimwa kwa wingi duniani, tefu ndiyo yenye punje ndogo kuliko zote. Punje 1,000 za tefu zina uzito wa takriban gramu 0.3, yaani uzito unaokaribiana na ule wa punje moja tu ya mahindi. Pamoja na udogo huo, nafaka hii ndiyo inayowalisha mamilioni ya watu wa Ethiopia na Eritrea kila siku kwa njia ya injera, mkate mpana na laini wenye matundu na ladha ya uchachu.

Katika miaka ya karibuni sifa za tefu zimevuka mipaka ya nchi hizo. Husemwa kwamba inaongeza damu, kwamba inawafaa watu wasioweza kula ngano, na kwamba haipandishi sukari mwilini. Baadhi ya sifa hizo ni za kweli kabisa, nyingine ni za kweli kwa kiasi, na moja imejengwa juu ya kosa la kipimo lililodumu kwa miaka mingi. Ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu mjamzito mwenye upungufu wa damu akiambiwa kwamba uji wa tefu unatosha, huenda akaviweka kando vidonge vyake vya madini ya chuma, na gharama ya uamuzi huo ikalipwa siku ya kujifungua.

Makala haya yanaeleza tefu ni mmea gani, hulimwaje, na jinsi ukulima, upuraji na upishi wake vinavyoamua kiasi cha chuma kinachofika katika damu ya mlaji.

Nyasi ya nyanda za juu

Tefu, ambayo kwa jina la kisayansi ni Eragrostis tef, ni nyasi ya msimu mmoja. Ina mabua membamba, majani mithili ya uzi, na shuke lililotawanyika kama ufagio mwororo. Jenasi yake ya Eragrostis ina mamia ya spishi, na nyingi kati ya hizo ni magugu yanayoota kando ya njia na mashambani bila mtu kuyatilia maanani. Gugu mojawapo, Eragrostis pilosa, huhesabiwa na wataalamu wa mimea kuwa ndilo lenye undugu wa karibu zaidi na tefu, na huenda ndilo asili yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, njia nyepesi ya kuielewa tefu ni kuilinganisha na ulezi. Mimea hii miwili ipo katika kundi moja dogo ndani ya familia ya nyasi, tofauti na ngano na shayiri ambazo zipo mbali kidogo. Ukaribu huo una maana kitabibu, kama itakavyoonekana mbele, kwa kuwa protini inayowadhuru wagonjwa wa siliaki hupatikana katika ukoo wa ngano, shayiri na rai, wala haipatikani katika ukoo wa ulezi na tefu.

Nchini Ethiopia tefu hulimwa katika eneo la takriban hektari milioni 3, na wakulima wake wengi ni wa mashamba madogo. Ipo tefu nyeupe, ipo nyekundu, na ipo ya mchanganyiko. Kwa muda mrefu nyeupe ndiyo iliyopewa heshima na bei kubwa, ilhali nyekundu ilionekana kuwa chakula cha wanyonge. Siku hizi nyekundu nayo imepanda hadhi kwa sababu ya sifa ya kuwa na chuma kingi.

Kitendawili cha chuma

Mwishoni mwa miaka ya 1950, uchunguzi wa lishe uliofanywa Ethiopia kwa ushirikiano na Marekani ulileta jambo la kushangaza. Vyakula vilipopimwa, ilionekana kwamba watu wa nyanda za juu walikula madini ya chuma kwa kiasi kinachopita mara nyingi kile kinacholiwa katika nchi nyingine. Mwaka 1968, daktari wa Sweden, Yngve Hofvander, alichapisha uchunguzi mpana wa damu za Waethiopia uliozingatia hasa ulaji huo mkubwa wa chuma. Chanzo kikuu kilichotajwa kilikuwa tefu. Tangu hapo nafaka hii ikapata jina la chakula cha damu, na majedwali ya lishe yakaandika takwimu zinazotofautiana mno. Sampuli moja ya tefu ilionyesha miligramu chache za chuma katika gramu 100, na nyingine ikaonyesha zaidi ya miligramu 100.

Tofauti kubwa namna hiyo katika mmea mmoja ilipaswa kuzua swali, na kweli ilizua. Mwaka 1980 watafiti nchini Ethiopia walichapisha katika jarida la tiba la nchi hiyo uhakiki wa kiasi cha chuma kilichomo ndani ya tefu. Punje zilipooshwa kwa asidi ili kuondoa kila kilichoganda juu yake, sehemu kubwa ya chuma iliondoka pamoja na maji ya kuoshea. Kilichobaki ndani ya punje hakikupishana sana na kile cha nafaka nyingine. Chuma kingi kilichokuwa kikihesabiwa kilikuwa ni udongo.

Sababu yake ni namna tefu inavyopurwa. Kwa desturi, mavuno hutandazwa juu ya uga wa ardhi uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kisha maksai huzungushwa juu yake wakikanyaga mpaka punje zitoke. Kwa kuwa punje ni ndogo mno, vumbi na chembe za udongo huchanganyika nazo, na si rahisi kuzitenganisha kwa kupepeta. Udongo wa nchi za joto una chuma kingi, na ndicho kinachoupa rangi nyekundu. Kipimo cha maabara hakiulizi chuma kimetoka wapi. Hujumlisha cha punje na cha vumbi pamoja.

Chuma kilichomo na chuma kinachofyonzwa

Mtu anaweza kuuliza, kama chuma kimeliwa, kina ubaya gani kuwa kilitoka udongoni? Jibu lipo katika utumbo. Chuma cha udongo kimefungamana na oksijeni katika hali ambayo haiyeyuki kwa urahisi tumboni. Kisipoyeyuka hakiwezi kufyonzwa na kuta za utumbo mwembamba, hivyo sehemu kubwa yake hutoka na choo kama ilivyoingia.

Hata chuma halisi cha ndani ya punje hakifyonzwi chote. Nafaka zote zisizokobolewa huwa na faiteti, kemikali ambayo mmea huitumia kuhifadhi fosforasi kwa ajili ya mche utakaochipua. Faiteti hushikamana na chuma na zinki tumboni, na kuyazuia madini hayo kuingia mwilini. Tefu haikobolewi, kwa kuwa punje yake ni ndogo kiasi kwamba husagwa pamoja na ganda na kiini chake. Hilo ni jambo jema kwa upande wa nyuzinyuzi na madini, lakini faiteti nayo hubaki yote.

Hesabu ndogo itasaidia kulionyesha jambo hili. Unga safi wa tefu wa gramu 100 una takriban miligramu 7.6 za chuma, gramu 13 za protini, gramu 8 za nyuzinyuzi na miligramu 180 za kalsiamu. Hicho ni chakula bora. Mama akila gramu 300 za unga huo kwa siku, atapata takriban miligramu 23 za chuma. Katika mlo wenye faiteti nyingi, sehemu inayofyonzwa inaweza kuwa asilimia 5 hivi. Kinachofika katika damu basi ni miligramu 1 na ushei. Katika miezi ya kati na ya mwisho ya ujauzito, mwili wa mama huhitaji kufyonza wastani wa miligramu 4 hadi 6 kila siku kwa ajili ya damu yake iliyoongezeka, kondo la nyuma na mtoto. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na nafaka peke yake, hata iwe bora namna gani.

Ushahidi wa jamii nzima unakubaliana na hesabu hiyo. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa Ethiopia mwaka 2016, wanawake 24 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa 57 kati ya 100. Ni kweli kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika maeneo ya wafugaji ya Afar na Somali, ambako tefu si chakula kikuu. Hata hivyo, katika Amhara, eneo maarufu kwa kilimo cha tefu, takriban watoto 4 kati ya 10 walikuwa na tatizo hilo. Tefu haikuwakinga watoto hao.

Jinsi ya kulima tefu

Hayo yote hayaondoi thamani ya mmea huu. Mtu anayetaka kuulima kwa chakula cha nyumbani anapaswa kujua tabia zake, kwa sababu mambo mengi yanayoamua ubora wa unga huanzia shambani.

Mahali na majira. Tefu hustawi vyema katika mwinuko wa kati ya mita 1,700 na 2,400 kutoka usawa wa bahari, ingawa huweza kumea chini au juu ya hapo. Ni mmea unaostahimili pande mbili ambazo kwa kawaida hazipatani. Huvumilia udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, na huvumilia pia kipindi cha wastani cha ukame. Hukomaa kati ya siku 60 na 150 kutegemea aina ya mbegu na baridi ya mahali. Nchini Ethiopia hupandwa aghalabu mwezi Julai na Agosti, mvua zikiwa zimeshika, na kuvunwa mwezi Novemba na Desemba.

Mbegu. Mojawapo ya aina zilizopokelewa vizuri na wakulima ni Quncho, iliyotolewa mwaka 2006 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Debre Zeit, kusini-mashariki mwa Addis Ababa. Ni tefu nyeupe yenye mavuno mengi. Mkulima aliye nje ya Ethiopia asisafirishe mbegu mfukoni kuvuka mpaka. Mbegu huweza kubeba magugu na vimelea vya magonjwa ya mimea, nazo punje za magugu ya Eragrostis haziwezi kutofautishwa na tefu kwa macho ya mtu asiye mtaalamu. Njia sahihi ni kupitia taasisi za utafiti wa kilimo na mamlaka za udhibiti wa mbegu na afya ya mimea za nchi husika, na kuanza na kipande kidogo cha majaribio.

Kutayarisha shamba. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Mche wa tefu unapochomoza huwa mwembamba kama unywele, hauwezi kuinua bonge la udongo wala kushindana na magugu. Wakulima wa Ethiopia hulima shamba moja mara tatu hadi tano kabla ya kupanda, mpaka udongo uwe laini. Kisha wengi wao huushindilia juu juu, mara nyingi kwa kuwapitisha ng'ombe au kondoo, ili mbegu isizame ndani sana na ili iushike unyevu.

Kupanda. Kwa desturi mbegu husiwa kwa mkono, na kiasi cha kilo 25 hadi 50 hutumika kwa hektari. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko mmea unavyohitaji, na hutokana na ugumu wa kutawanya kitu kidogo mno kwa usawa. Njia iliyopendekezwa na watafiti ni kupanda kwa mistari iliyoachana sentimita 20, ambapo kilo 10 kwa hektari huweza kutosha. Kwa bustani ya nyumbani, hiyo ni sawa na gramu 1 ya mbegu kwa kila mita moja ya mraba, au gramu 100 kwa kipande cha mita 10 kwa mita 10. Mbegu ichanganywe na mchanga mkavu ili imwagike sawasawa, kisha ifunikwe kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita 1. Ikifukiwa zaidi ya hapo huenda isiote.

Palizi. Majuma manne ya mwanzo ndiyo ya hatari. Palizi ya kwanza ifanyike mche ukiwa na siku 25 hadi 30, kwa mkono na kwa uangalifu, kwa kuwa magugu mengi ya jamii ya nyasi hufanana nao. Mistari iliyonyooka humsaidia mpaliliaji kujua kilichopandwa na kilichojiotea.

Kulala kwa mimea. Adui mkubwa wa mavuno ya tefu ni shina lake lenyewe, kwa kuwa ni jembamba na shuke ni zito. Upepo na mvua vikija karibu na wakati wa kukomaa, shamba zima hulala chini. Punje zikigusa udongo wenye unyevu huoza, huota zikiwa bado kwenye shuke, au hubeba matope. Kuzidisha mbolea ya naitrojeni huongeza tatizo hili, kwani huurefusha mmea bila kuuimarisha. Samadi iliyooza vizuri, mbolea ya kiasi, na kutobananisha mbegu ndiyo kinga iliyo mikononi mwa mkulima mdogo.

Kuvuna. Mmea huvunwa kwa mundu mara mabua yanapogeuka rangi ya manjano, kabla haujakauka kabisa, kwani ukichelewa punje hupukutika. Mavuno ya tani 1 hadi 2 kwa hektari ni ya kawaida. Kipande cha mita 10 kwa mita 10 kwa wastani kitatoa kilo 10 hadi 20 za punje. Mabua yake ni malisho yanayopendwa sana na ng'ombe, na huchanganywa pia na udongo wa kukandikia kuta za nyumba.

Uga wa kupuria

Kwa mtazamo wa afya, hatua ya kupura ina uzito kuliko zote. Mkulima asipure juu ya ardhi tupu. Atandaze turubai safi au mkeka uliofumwa kwa kubana, apige masuke kwa fimbo, kisha apepete na kuchekecha kwa chekecheo lenye matundu madogo. Kabla ya kusaga, punje zioshwe ndani ya kitambaa chembamba, maji yabadilishwe mpaka yawe meupe, kisha zianikwe juani juu ya kitu safi hadi zikauke kabisa.

Zipo sababu tatu za kufanya hivyo. Kwanza, mchanga na vumbi huharibu ladha na meno. Pili, ardhi inayopitiwa na mifugo huwa na vijidudu vya kinyesi. Tatu, unga usio na udongo humpa mlaji na mhudumu wa afya takwimu ya kweli. Chuma kidogo kinachofyonzwa kina faida kuliko chuma kingi kinachopita. Kukausha vizuri kuna faida nyingine pia, kwani nafaka yenye unyevu hushikwa na ukungu unaoweza kuleta sumukuvu. Tefu iliyokauka vyema hudumu ghalani kwa miaka, na wadudu waharibifu wa nafaka hawaisumbui sana kwa sababu ya udogo wa punje zake.

Somo hili linawahusu pia wanaolima ulezi, mtama na uwele. Popote nafaka ndogo inapopurwa juu ya ardhi, udongo huingia chakulani.

Jikoni: kazi ya uchachu

Wapishi wa Ethiopia waligundua zamani, bila maabara, njia ya kuipunguza faiteti. Unga wa tefu hukorogwa kwa maji na kutiwa ersho, maji ya manjano yaliyobaki katika unga uliochachuka awali, kisha huachwa siku 2 au 3. Katika muda huo vimeng'enya vya nafaka yenyewe na vya vijidudu vya uchachu huivunjavunja faiteti, na chuma huachiwa huru. Injera iliyochachuka vya kutosha ina chuma kinachofyonzeka kwa urahisi kuliko uji uliopikwa mara moja kwa unga mkavu. Kanuni hii hufanya kazi kwa uji wa ulezi au mtama uliochachushwa vilevile, na kuotesha nafaka kidogo kabla ya kuisaga huleta matokeo yanayofanana.

Kinachosindikiza mlo nacho kina athari. Chakula chenye vitamini C, kama vile machungwa, mapera, nyanya na pilipili mbichi, husaidia chuma cha mimea kufyonzwa, na nyama au samaki hata kidogo husaidia pia. Kahawa na chai huzuia. Ethiopia ndiyo nchi ya asili ya kahawa, na desturi ya kuinywa baada ya chakula ni ya heshima. Huku Afrika Mashariki chai ya rangi au ya maziwa nayo hunywewa pamoja na mlo. Mwenye upungufu wa damu hahitaji kuiacha desturi hiyo, ila aisogeze mbele kwa saa moja au mbili baada ya kula.

Sifa iliyo ya kweli: kutokuwa na gluteni

Mwaka 2005, watafiti wa Uholanzi walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya kupima aina 14 za tefu. Hawakupata ndani yake gluteni ya namna inayowadhuru wagonjwa wa siliaki. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula ngano, shayiri au rai. Kwa mgonjwa huyo tefu ni chakula salama na chenye protini nzuri.

Siliaki ina uhusiano na mada ya damu. Sehemu ya utumbo inayoharibiwa kwanza ndiyo hiyo hiyo inayofyonza chuma. Kwa hiyo dalili pekee ya ugonjwa huweza kuwa upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, hata bila kuharisha. Mgonjwa wa namna hiyo achunguzwe kabla ya kuacha kula ngano, kwa sababu vipimo vya damu vya siliaki huweza kutoa jibu la uongo kwa mtu aliyekwisha kuiacha. Aidha, anayeishi na siliaki akumbuke kwamba injera nyingine huchanganywa na unga wa ngano au shayiri ili kupunguza gharama, na kwamba mashine iliyosaga ngano asubuhi huacha unga wake ndani ya tefu inayosagwa mchana.

Kuhusu kisukari, maneno yapunguzwe. Nyuzinyuzi za tefu ni nzuri, lakini tefu ni wanga, na mkate wa unga laini hupandisha sukari kama mikate mingine. Mgonjwa wa kisukari aipime sahani yake ya injera kama anavyopima ugali au wali.

Pale ambapo chakula hakitoshi

Upungufu wa damu hutambuliwa kwa kipimo. Kutazama kope au viganja hakutoshi. Kwa mjamzito, hemoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na kwa mwanamke asiye mjamzito ni chini ya gramu 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kidonge cha miligramu 60, hata kikifyonzwa kwa asilimia 10 tu, humpa mama miligramu 6, kiasi ambacho gramu 300 za tefu haziwezi kukikaribia. Vidonge vikileta kichefuchefu au kufunga choo, mama amweleze mhudumu wa kliniki ili abadilishiwe muda au dozi. Asiviache kimyakimya.

Vilevile upungufu wa damu hauna sababu moja. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, malaria huvunja chembe nyekundu, hedhi nzito humwaga chuma kila mwezi, na selimundu ni ugonjwa wa kurithi ambao hautibiwi kwa kuongeza chuma. Mtoto mwenye selimundu anaweza kudhuriwa na chuma anachopewa bila kipimo, hasa iwapo ameongezewa damu mara nyingi. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni kupima, wa pili ni kutibu chanzo, na chakula huja kuilinda nafuu iliyopatikana.

Katika nafasi hiyo tefu inastahili heshima. Ikilimwa vizuri, ikipurwa juu ya turubai, ikaoshwa, ikachachushwa na kuliwa pamoja na mboga na matunda, ni miongoni mwa nafaka bora za bara hili. Na kwa familia isiyoweza kuipata, ndugu yake yupo tayari katika soko la karibu. Ulezi nao hauna gluteni, una kalsiamu nyingi kuliko tefu, unahimili nyanda zetu, na unga wake ukichachushwa kabla ya kupikwa uji hufuata kanuni ile ile. Familia iufanye uji huo kuwa desturi ya kila siku, na mama aendelee kumeza vidonge vyake kama alivyoelekezwa kliniki.